Usiseme Ndiyo Kabla ya Kusoma

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii naijua tangu shule ya msingi, na nimeiandika katika insha si mara moja nikapata alama zangu. Lakini maana yake sikuielewa barabara hadi jioni moja ya mwezi wa Juni mwaka 2025, nikiwa Kidato cha Tatu, nilipoutupa mbacha wa shule nzima kwa kubonyeza herufi moja tu.

Wengi wenu mnakijua kisa hicho, na wengine mmekisimulia mabwenini kwa chumvi nyingi. Eti nilileta virusi kutoka nyumbani. Eti nilikuwa natafuta karatasi za mtihani. Jamani! Leo nataka kukisema kama kilivyokuwa, halafu nitoe maoni yangu, kwa sababu tangu siku ile shule imegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linashikilia kwamba wanafunzi tupigwe marufuku kugusa chochote katika maabara ya kompyuta ila kile tulichoamriwa. Kundi la pili linasema kosa ni la kompyuta zenyewe: kwamba hizi zinazotumia Ubuntu ni za bure, na cha bure hakina thamani, basi Ubuntu itolewe tuwekewe Windows kama shule nyingine. Mimi nasema, kwa heshima, kwamba makundi yote mawili yanapogoa matawi na shina limesimama pale pale.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa kapteni wa maabara, na kwa kuwa mwalimu wetu aliniamini, alinipa neno la siri la kusakinisha programu. Nilikuwa nimeazima kitabu cha kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python. Kitabu kilitaka Python 3.12. Kompyuta zetu zilikuwa na Ubuntu ya mwaka 2022, ambayo huja na Python 3.10, na mazoezi mawili ya kitabu yakakataa katakata kufanya kazi. Nikajiambia, mambo ni rahisi. Mtu akitaka kuweka kitanda kipya si hutoa cha zamani kwanza? Basi nitatoa Python ya zamani leo kwenye mashine zote, kesho nilete mpya kwa flashi.

Nikaketi kwenye mashine ya kwanza, nikaandika amri ya kuondoa. Mashine haikunyamaza. Ilinijibu kwa orodha ndefu ya majina, mengine marefu kama majina ya stesheni za reli, orodha iliyojaza kioo hadi ikapita juu. Chini yake kukawa na swali: unataka kuendelea? Mimi nilikuwa na haraka, kengele ya chakula cha jioni ilikuwa karibu kulia, na siku hiyo palikuwa na nyama. Nikabonyeza herufi ya ndiyo. Maandishi yakateremka kama mvua ya Kericho saa tisa alasiri. Kioo kikabaki na picha yake, hakuna kilichopasuka, hakuna kilicholia. Nikahamia mashine ya pili, ya tatu, hadi ya tisa. Kengele ikalia, nikazima mashine zote, nikaenda kula nyama yangu.

Asubuhi yake Kidato cha Nne wakaingia. Hao walikuwa wanamalizia mradi wa somo la kompyuta, ile karatasi ya tatu ya KCSE, na siku ya kukabidhi ilikuwa imekaribia. Wakawasha. Mashine tisa hazikuonyesha picha, wala vitufe, wala mshale wa kipanya. Kioo cheusi tititi, herufi nyeupe, na mstari mmoja unaouliza: jina lako nani? Dada mmoja ambaye mradi wake wote ulikuwa kwenye mashine ya nne aliinamia meza akalia. Sauti ile ya kilio ndiyo inayonifanya niandike makala haya. Si adhabu niliyopewa. Adhabu niliimaliza kwa wiki mbili.

Sasa tuulize: nilifanya nini hasa? Kuondoa programu moja ya kujifunzia kumewezaje kufuta uso wote wa kompyuta?

Sisi watoto wa nchi ya chai hatuna sababu ya kushindwa kuelewa jambo hili. Tazama jani la chai. Mama anachuma majani mawili na kichipukizi asubuhi pale Konoin au Bureti. Anabeba kikapu hadi kituo cha kununulia. Pale kuna karani na mizani yake. Kisha lori, kisha barabara, kisha kiwanda, tuseme Mogogosiek, Litein au Kapkatet. Kiwandani kuna kuni za tanuri, kuna stima, kuna mafundi wa kunyausha, kukata, kukausha na kuchambua. Halafu magunia yanateremka hadi mnada wa Mombasa. Jani lisipofika kiwandani siku hiyo hiyo linaungua kwa joto lake lenyewe na kuharibika. Sasa mtu aje kutoka mbali, amwone karani wa mizani ameketi kwenye kibanda, aseme, "Huyu kazi yake nini? Mwondoeni." Haki ya Mungu, jioni hiyo hakuna kilo hata moja itakayoandikwa, lori litarudi tupu, na tanuri litachoma kuni za bure. Karani hakuwa chai. Lakini chai ilimtegemea.

Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Programu haikai peke yake kama mfalme. Katika Ubuntu, programu hupangwa katika vifurushi, na kila kifurushi kina maandishi yanayosema: mimi nahitaji fulani na fulani ndipo nifanye kazi. Huo ndio tunaouita utegemezi. Kuna msimamizi wa vifurushi, jina lake APT, ambaye kazi yake ni kusoma maandishi hayo yote. Ukimwomba akuletee kimoja, anakiletea pamoja na vyote vinavyokitegemeza. Na ukimwomba aondoe kimoja, anaondoa pia vyote vinavyokitegemea, maana haviwezi kusimama bila hicho. Ile Python 3.10 niliyoidharau haikuwa ya mwanafunzi wa kujifunza tu. Vyombo vingi vya Ubuntu yenyewe vimeandikwa kwa Python. Nilipoomba iondolewe, msimamizi alinitajia kwa majina vitu vyote vitakavyoondoka nayo, na uso wa kompyuta ulikuwamo. Aliniuliza. Nikasema ndiyo. Mara tisa!

Kuna shida nyingine ambayo ni ndugu wa hii, nayo ni mgongano. Fikiria jikoni kwetu kuna jiko moja lenye moto mmoja. Mama anasonga kimyet, anataka moto mkali. Kwenye jiko hilo hilo dada anataka kuchemsha maziwa ya mursik, anataka moto wa wastani yasimwagike. Hakuna mwenye kosa. Ila moto ni mmoja. Programu mbili zinaweza kutaka kifurushi kimoja, lakini moja inataka toleo la kale na nyingine inataka toleo jipya, na kwa kawaida mashine hukubali moja tu likae mahali pake. Kitabu changu kilitaka 3.12, Ubuntu yetu ilitaka 3.10. Mimi, kwa ujeuri wa ujana, niliamua ugomvi huo kwa kumfukuza mwenye nyumba.

Msifikiri haya huwapata watoto wa Kericho na Bomet peke yao. Mwezi wa Novemba mwaka 2021, Mkanada mmoja aitwaye Linus Sebastian, mtu maarufu sana kwa filamu zake za kueleza mambo ya kompyuta, alijaribu kuhamia Pop!_OS, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu na kampuni ya System76 ya Marekani. Alitaka kusakinisha Steam, programu ya michezo. Siku hizo vifurushi vya Steam vilikuwa vimegongana na vilivyokuwamo kwenye mashine, na msimamizi akaona njia pekee ya kuileta Steam ni kuuondoa uso wa kompyuta. Akamwonya. Hakumwuliza kwa herufi moja kama mimi, alimtaka aandike sentensi nzima yenye maana ya "Ndiyo, fanya nisemavyo!" Bwana mkubwa akaiandika. Uso wa kompyuta ukaenda zake mbele ya macho ya watazamaji wake. Baadaye wenye Pop!_OS walirekebisha mambo ili mtu wa kawaida asiweze kuondoa vifurushi vya lazima kwa urahisi hivyo.

Na kabla yake, mwezi wa Machi mwaka 2016, kulikuwa na kifurushi kidogo kiitwacho left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Mwenyewe alikorofishana na waendeshaji wa ghala la npm alimokiweka, akaviondoa vifurushi vyake vyote. Ghafla programu za makampuni makubwa duniani zikashindwa kujengwa, kwa sababu zilitegemea kitu kilichotegemea kitu kilichotegemea left-pad. Ghala likalazimika kukirudisha kifurushi hicho muda mfupi baadaye. Mistari 11! Insha ya Kidato cha Kwanza ina mistari mingi kuliko hiyo.

Nimeyataja haya ili nilijibu kundi la pili, lile la "tuwekewe Windows". Wenzangu, Windows nayo ilipitia moto huu huu. Katika miaka ya 1990 programu zake zilikuwa zikitumia mafaili ya pamoja, na programu mpya ikiingia iliweza kuandika toleo lake juu ya toleo la mwenzake. Ulikuwa unasakinisha mchezo leo, kesho programu ya kuandikia barua inakataa kufunguka. Watu waliteseka hadi wakaipa hali hiyo jina la jehanamu. Microsoft walilazimika kuweka ulinzi wa mafaili ya mfumo katika Windows 2000. Kwa hiyo anayesema tukibadilisha jina la mfumo tutakuwa tumebadilisha tabia zetu, anajidanganya. Mchagua jembe si mkulima.

Tena, neno "bure" lisitudanganye. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza mwezi wa Oktoba mwaka 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth, mwana wa Afrika Kusini, juu ya msingi wa Debian ulioanza mwaka 1993. Jina lenyewe ni neno la Kibantu, ndugu wa neno letu "utu". Shule yenye pesa kidogo ya karo na mashine kuukuu inapata mfumo kamili bila kulipia leseni hata shilingi moja. Toleo la muda mrefu hutoka kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, na hutunzwa kwa marekebisho ya kawaida miaka 5. Kitu hicho si cha kutupwa kwa sababu kijana mmoja alikimbilia nyama.

Sasa nilijibu kundi la kwanza, la "wanafunzi wasiguse". Naelewa hasira yao. Lakini hebu tutazame jinsi mashine zile zilivyopona. Aliyekuja kutuokoa siku ya Jumamosi alikuwa mwanafunzi wa zamani wa shule hii, ambaye sasa ni fundi wa kompyuta. Aliingia bila makelele. Kwenye kile kioo cheusi kilichotutisha wote, yeye aliandika jina na neno la siri, akaingia. Kitu cha kwanza alichofanya si kutengeneza. Alikwenda kwenye mahali panapowekwa kazi za watu, akamwita yule dada wa mashine ya nne, akamwonyesha jina la faili la mradi wake. Lilikuwapo! Kazi za watu hukaa mahali pake na programu hukaa mahali pake. Mimi nilikuwa nimeng'oa programu, kazi za watu sikuzigusa. Akazinakili zote kwenye flashi kwanza. Ndipo akaunganisha waya wa mtandao, akauamsha mtandao kwa maneno machache, akaandika amri moja ya kurudisha uso wa Ubuntu pamoja na vyote unavyovitegemea.

Halafu akatufundisha jambo jingine la akili. Bando la shule ni dogo, na vifurushi vile ni vizito. Angeteremsha mara tisa, bando lingekwisha kwenye mashine ya pili. Basi akateremsha mara moja tu, akavichukua vifurushi vilivyobaki ghalani mwa mashine ile ya kwanza, akavinakili kwa flashi hadi mashine nane zilizosalia. Jumapili jioni zote tisa zilikuwa zinawaka. Kidato cha Nne wakakabidhi miradi yao kwa wakati.

Swali langu kwa kundi la kwanza ni hili: fundi yule alijifunza wapi? Alituambia mwenyewe. Alijifunzia hapa hapa, kwenye mashine mbovu aliyoruhusiwa kuifungua na kuiharibu apendavyo. Kama angefungiwa mlango, mwezi wa Juni mwaka 2025 tungepiga simu kwa nani? Tungesubiri gari kutoka Nairobi, na miradi ingeoza kama majani kwenye kituo kisichofikiwa na lori. Anayefunga maabara ili isiharibiwe ananikumbusha mtu anayemkataza mwanawe kushika jembe asije akajikata. Mtoto hatajikata, ni kweli, lakini pia hatalima.

Wako pia wa kundi la tatu, wachache, wanaonong'ona kwamba dawa ni kutosasisha wala kuongeza kitu milele. Iliyo hai na iache. Nao nawaambia: mwezi wa Mei mwaka 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilienea duniani vikifunga kompyuta na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Marekebisho ya kuziba tundu lile la Windows yalikuwa yametolewa mwezi wa Machi, miezi miwili kabla. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuyaweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi shina la tatizo liko wapi? Kwa maoni yangu liko hapa: tunajibu maswali ambayo hatujayasoma. Na hatuyasomi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni haraka, na hiyo dawa yake kila mtu anaijua. Ya pili ni lugha. Sikilizeni, mimi Kiingereza ninakisoma darasani na ninafaulu. Lakini orodha ile ya maneno mia na ushei haikunisemesha kama mtu anavyosemeshwa. Niliiona kama ukuta. Maneno ya onyo yalikuwamo, ila kwangu yalikuwa rangi tu. Na hili si la kwangu tu. Nimewatazama wenzangu maabarani muhula mzima: kikitokea kidirisha chenye maneno, mkono unakwenda kwenye "ndiyo" kabla ya jicho kufika mstari wa kwanza. Tumezoea kwamba kompyuta husema kwa lugha ya wakubwa, na ukisemeshwa na mkubwa unaitikia tu ndiyo.

Hapo ndipo Chama cha Kiswahili kinapoingia. Wapo watakaouliza makala ya kompyuta yanatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Nawajibu kwamba kazi hii ilikwisha kuanzwa na watu wa lugha na watu wa kompyuta wakiwa pamoja. Mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Waliokaa kutafuta neno la "faili", la "hifadhi", la "hariri", walijua kwamba mtu hawezi kutunza chombo kinachomsemesha kwa fumbo. Kazi ile haijakwisha, na sisi tunaweza kushika pembe yake moja.

Ninapendekeza mambo manne, na yote hayahitaji pesa za harambee.

Kwanza, chama chetu kichague maonyo kumi ambayo mashine zetu huyatoa mara kwa mara, kiyatafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kiyabandike ukutani maabarani kwa herufi kubwa. "Vifurushi vifuatavyo vitaondolewa." Chini yake: simama, soma kila jina, ukiona jina la uso wa kompyuta, sema hapana. "Utegemezi haukutimizwa." Chini yake: usilazimishe, kitu unacholeta kinahitaji kingine ambacho hakipo au si cha toleo hilo. Mwalimu wa kompyuta akague maana, mwalimu wa Kiswahili akague lugha. Tukibishana kama ni "kifurushi" au "pakiti", hiyo ndiyo kazi ya chama.

Pili, kuwe na daftari la maabara. Si la kompyuta, la karatasi, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila anayeongeza au kuondoa kitu aandike tarehe, mashine namba ngapi, ameweka nini, mashine imejibu nini. Karani wa chai huandika kila kilo. Sisi tunashindwaje kuandika kila kifurushi? Fundi wetu alitumia saa nzima kuuliza nilifanya nini, na mimi kwa hofu nilikuwa nikimficha. Daftari halina hofu.

Tatu, mashine moja iwe ya majaribio. Mzee mmoja kati ya zile kuukuu apewe kazi hiyo. Anayetaka kitu kipya akijaribu pale kwanza, azime, awashe, aone. Mimi kosa langu kubwa halikuwa mashine ya kwanza. Ningeizima na kuiwasha ile moja tu, ningegundua, na nane zingesalimika. Na kwa wanaotaka Python mpya kama nilivyotaka: hakuna haja ya kutoa ya zamani. Mpya hukaa kando yake, kila mazoezi na chumba chake, na ile ya mfumo isiguswe. Wenye mifumo wenyewe wamelitambua hilo. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, ukijaribu kupachika vifurushi ndani ya Python ya mfumo kwa njia ya kawaida, mashine inakukatalia na kukuelekeza ukajitengenezee chumba chako. Mbacha unabaki, msala unatandikwa pembeni.

Nne, wiki za miradi na mitihani zisiguswe. Hakuna kuongeza, hakuna kuondoa, hakuna kusasisha. Na hata siku za kawaida, tusianze kazi ya kusasisha alasiri. Nyinyi mnaijua mvua yetu: mawingu yanatoka upande wa Mau, radi moja, mvua ya mawe, stima inapotea. Mashine ikizimika katikati ya kusakinisha, vifurushi vingine vinabaki nusu ndani nusu nje, na ugomvi unaanza hapo. Tufanye asubuhi, kungali kweupe.

Najua watakaosema kwamba kapteni aliyeharibu hana uso wa kutoa mapendekezo. Labda. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mshtuko huo ndio ninaouleta kwenu. Mwalimu wetu hakuninyang'anya ukapteni, ingawa wengi walitaka. Alinirudishia neno la siri baada ya muhula mmoja, pamoja na sharti: kabla ya kujibu swali lolote la mashine, nilisome kwa sauti na nimweleze aliye karibu maana yake kwa Kiswahili. Nikishindwa kumweleza, jibu ni hapana.

Sharti hilo nimelishika hadi leo. Wenzangu hunicheka wanaposikia napayuka peke yangu maabarani kama mhubiri wa sokoni. Wacheke. Yule dada wa mashine ya nne alimaliza shule na mradi wake ukakabidhiwa. Safari ijayo huenda faili lisiwepo, na fundi huenda yuko mbali. Mimi nimo katika Kidato cha Nne sasa, na mradi wangu uko kwenye mashine ya saba. Anayetaka kubonyeza ndiyo kwenye mashine ile, tafadhali, asome kwanza.